Maziwa ya Kopo, Chupa ya Usiku na Meno ya Mtoi: Rada Yote kwa Wazazi wa Kisii na Nyamira

Mtoi ana miaka 2 na meno ya mbele ya juu yameanza kuwa ya kahawia. Shosho anasema ni wadudu. Jirani anasema ni peremende. Buda anasema wachana nayo, hayo ni meno ya maziwa, yataanguka tu. Na madhe, ambaye amekuwa akitoa ganji ya kopo miezi yote hiyo, anajiuliza kama ni hiyo maziwa imeharibu kila kitu.

Kila mtu hapo ana kakipande ka ukweli, lakini hakuna mwenye picha yote. So leo tunachanuana polepole: kopo gani inalisha bakteria wa meno, gani ina afadhali, na ni nini hasa kinachomaliza meno ya watoi huku kwetu.

Jibu fupi kama una haraka: ndio, aina ya kopo ina maana, juu sukari iliyo ndani hutofautiana na bakteria wana ile wanapenda zaidi. Lakini meno ya watoi wengi hayauliwi na kopo pekee yake. Yanauliwa na sukari inayoongezwa kwa chupa, na chupa yenyewe kukaa mdomoni usiku kucha. Unaweza kununua kopo ya bei ya juu kabisa pale supamaketi Kisii mjini, alafu kijiko kimoja cha sukari saa tatu usiku kikamaliza kazi yote.

Na hii si shida ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulipata karibu nusu ya watoto wa miaka 5 Kenya wako na meno yaliyooza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Piga hesabu ya watoi hapo ndani, utajua ni midomo mingapi tunabonga juu yake.

MDUDU YUKO, LAKINI SI ULE SHOSHO ANADHANI

Hakuna funza anatoboa jino. Mwenye hii kazi ni bakteria mdogo sana anaitwa Streptococcus mutans. Mtafiti J. Kilian Clarke ndiye alimtoa kwa meno yaliyooza huko London mwaka wa 1924 na kumpa hilo jina. Kuna wengine anaofanya nao kazi, kama laktobasili na kuvu ya Candida, lakini mutans ndiye huanzisha fujo.

Mtoi hazaliwi naye. Huwa anapewa, na mara nyingi na mtu anayempenda zaidi. Mate ndiyo matatu ya mutans: anapanda kwa mdomo wa mkubwa, anashuka kwa mdomo wa mtoi. Unaonja uji na kijiko kile kile unamlisha nacho. Chuchu ya chupa inaanguka chini, unailamba "kuisafisha", unamrudishia. Unatafuna nyama ndio umpe ikiwa laini. Hapo mutans ameshahamia.

Mwaka wa 1993 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Page Caufield waliandika matokeo ya kufuatilia mama na watoto wao huko Alabama. Wengi wa watoto waliompata huyu mutans walimpata kati ya miezi 19 na 31. Tafiti za baadaye zimeonyesha anaweza kuingia hata kabla mtoi afike mwaka mmoja. Kadiri anavyoingia mapema na kupata sukari ya kutosha, ndivyo meno yanaharibika mapema.

Sasa kazi yake. Mutans akikula sukari huwa anatoa asidi. Wanasayansi hupima asidi kwa kipimo cha pH: namba ikishuka, asidi imepanda. Mdomo uliotulia huwa karibu na 7. Ikishuka chini ya karibu 5.5, lile ganda gumu la nje ya jino linaanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Miaka ya 1940 Mmarekani Robert Stephan alipima akaona ya kwamba ukikula sukari, asidi hupanda kwa dakika chache tu, alafu inachukua kama nusu saa hadi saa nzima kurudi chini.

Anayerudisha mambo sawa ni mate. Mate huosha sukari, hupunguza makali ya asidi na hurudishia jino madini. Lakini mtu akilala, mate hupungua karibu kuisha. Weka hiyo akilini, tutairudia kwa stori ya usiku.

SUKARI SI MOJA

Hapa ndipo aina ya kopo inaingia. Kuna sukari tatu lazima uzijue.

Laktosi. Hii ni sukari ya asili ya maziwa, ya mama na ya ng'ombe. Mutans anaweza kuitumia, lakini inamchukua muda kutoa asidi, na hawezi kuitengenezea gundi.

Sukrosi. Hii ni ile sukari ya dukani, ile ya chai. Kwa mutans hii ni sherehe. Anapata asidi haraka, na pia anaitumia kutengeneza gundi inaitwa glukani, ile inamfanya ashike kwa jino kama chingamu kwa kiatu. Gundi ikishaingia, mate hayamfikii vizuri na asidi inakaa pale pale kwa jino.

Maltodekstrini na sharubati ya glukosi. Hizi hutengenezwa kutoka kwa wanga, kama wa mahindi. Hazina utamu mwingi kwa ulimi, ndio maana watu hudhani hazina noma. Lakini mate yakizigusa, zinavunjwa kuwa sukari rahisi na bakteria anapata chakula.

Mwaka wa 2005 William Bowen na Ruth Lawrence wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio la panya waliopewa vinywaji tofauti. Soda ya kola, asali na maji ya sukari ndiyo yaliharibu meno zaidi. Maziwa ya mama yaliharibu kuliko ya ng'ombe, lakini bado yalikuwa mbali sana na maji ya sukari. Maziwa ya ng'ombe yenyewe yalikuwa karibu na maji tu. Hii ni juu yana laktosi kidogo kuliko ya mama, kama asilimia 5 dhidi ya 7, na yamejaa kalsiamu, fosfeti na protini ya kesini, vitu vinavyosimama na jino.

Ona asali hapo. Tutairudia pia.

AINA ZA KOPO, MOJA BAADA YA NYINGINE

1. Ya kawaida, ya maziwa ya ng'ombe (miezi 0 hadi 6, alafu 6 hadi 12)
Hii ndiyo wengi hununua. Nyingi hutumia laktosi kama sukari kuu. Viwango vya kimataifa vya Codex, vilivyowekwa mwaka wa 1981 na kurekebishwa baadaye, vinasema laktosi ipewe kipaumbele na sukrosi isiongezwe isipokuwa kuna sababu. Kwa meno, kati ya makopo, hii ndiyo iko na afadhali. Afadhali si sifuri lakini: ikikaa mdomoni usiku wote, hiyo laktosi pia itatoa asidi ya kutosha.

2. Ya soya
Hupewa watoi ambao hawawezi maziwa ya ng'ombe, au familia ambazo hazitaki kitu cha mnyama. Soya haina laktosi, so watengenezaji huweka sharubati ya glukosi, maltodekstrini au hata sukrosi. Asidi inakuja haraka. Kama daktari ndiye alisema mtoi atumie soya, usiiache. Wewe ongeza bidii kwa usafi na ukate chupa ya usiku mapema.

3. Isiyo na laktosi
Mara nyingi hupewa mtoi anayeharisha sana. Hapa pia laktosi imetolewa na nafasi yake ikachukuliwa na glukosi au maltodekstrini. Hii ni ya muda na ya kuambiwa na daktari. Wengine huanza nayo juu ya ushauri wa jirani alafu wanaendelea miezi mingi bila sababu.

4. Ya protini iliyovunjwa
Ni ya watoi wenye mzio wa protini ya maziwa. Bei yake ni moto. Zingine ziko na laktosi, zingine hazina kabisa. Soma kopo.

5. "Ya kukua", ya mwaka 1 hadi 3
Hii ndiyo ya kuangalia na macho mawili. Nyingi zina ladha ya vanila au asali, na nyingi zimeongezwa sukari. Na sikia hii: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema mtoi wa miezi 12 hadi 23 hahitaji maziwa ya aina hii. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe yaliyochemshwa yanatosha, pamoja na chakula kizuri. Kwa kaunti ambazo karibu kila boma ocha liko na ng'ombe ama jirani mwenye ng'ombe, hiyo ni doo unajiokolea na meno unaokoa.

6. Maziwa ya unga ya familia
Haya si ya mtoto mchanga hata kidogo. Hayana virutubishi kwa kipimo cha mtoi wa miezi michache. Yako kwa rafu moja na makopo ya watoto, ndio maana watu huchanganyikiwa.

Hata majina makubwa yameulizwa maswali. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na mtandao wa IBFAN walitoa ripoti kuhusu uji wa Cerelac na maziwa ya Nido ya Nestlé. Ilionyesha bidhaa nyingi zinazouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zimeongezwa sukari, wakati zile za Uswisi na nchi kubwa za Ulaya hazina. Kampuni ilijibu kuwa inafuata sheria za kila nchi na imekuwa ikipunguza sukari. Funzo letu ni moja: jina kubwa mbele ya kopo si sababu ya kutosoma nyuma.

NA MAZIWA YA MAMA JE?

Hapa watu hupenda kupigana, so twende na ushahidi.

Kwa mwaka wa kwanza, ya mama yanashinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walicheki midomo ya watoto wa miezi 3 wakapata laktobasili wazuri kwa baadhi ya wanaonyonya, na hawakuwapata kwa wanaotumia kopo pekee. Kwa maabara hao bakteria wazuri walimzuia mutans kukua na kushika. Na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2015 uliona watoto waliopata maziwa ya mama zaidi mwaka wa kwanza wana meno mabovu machache kuliko waliopata kidogo.

Lakini kuna upande wa pili. Uchambuzi huo huo uliona kunyonya baada ya miezi 12, hasa mara nyingi usiku, kunaongeza hatari. Utafiti wa mji wa Pelotas, Brazil, uliochapishwa 2017, uliona watoto walionyonya miaka 2 au zaidi wana hatari ya meno kuoza vibaya mara 2.4 kuliko walioacha ndani ya mwaka mmoja.

Hiyo si sababu ya kumwachisha mtoi mapema. Ushauri bado ni ule ule: maziwa ya mama pekee miezi 6, alafu kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 na zaidi. Maana yake ni kwamba meno yakishatoka, yanaoshwa, na baada ya mwaka mmoja titi lisiwe mdomoni usiku kucha kama mto wa kulalia.

KWA GROUND, GUSII

Hakuna mzazi huamka akasema leo nataka kuharibu meno ya mtoi. Kuna maisha, na maisha ndiyo huleta chupa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara. Serikali hiyo hiyo inamwambia anyonyeshe pekee miezi 6. Hiyo miezi 3 ya katikati ajipange. Na huyo ni yule ameajiriwa na barua. Yule anachuna majani chai asubuhi upande wa Nyansiongo, Kebirigo au Nyamache, yule anauza ndizi Daraja Mbili, yule ana kibanda Keroka, hakuna wa kumlipa akikaa nyumbani. Mtoi anaachiwa shosho ama dada wa kazi, na chupa inaingia. Utafiti wa kitaifa wa KDHS 2022 ulipata asilimia 60 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya pekee. Wanne kati ya kumi tayari wanapata kitu kingine.

Alafu kopo ni ghali. Kwa hivyo vijiko vinapunguzwa na maji yanaongezwa. Maziwa yanakuwa mepesi, mtoi hashibi, analia, na mtu anaongeza sukari ndio anyamaze. Hapo umempiga mara mbili: lishe imepungua na mutans ameletewa sherehe. Mtoi mchanga akipewa maziwa yaliyozimuliwa hivyo, uzito unaanguka, na hiyo ni hatari kubwa kuliko hata meno.

Kopo ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, chupa haipumziki. Inawekwa chai ya maziwa yenye sukari. Inawekwa uji wa wimbi uliofanywa mwepesi ndio upite kwa chuchu, na sukari juu yake. Uji wa wimbi kwa bakuli na kijiko ni chakula poa sana. Uji wa wimbi wenye sukari kwa chupa, ukinyonywa masaa mawili, ni kitu kingine kabisa.

Na kuna ile stori ya "natural". Pande za South Mugirango miwa ni mob na sukari nguru hupikwa huko. Watu husema nguru haina madhara juu haijapitia kiwanda kikubwa. Bakteria haulizi kiwanda. Nguru ni sukrosi kwa sehemu kubwa, sawa na ile nyeupe. Asali nayo uliona ilifanyia nini meno ya panya. Zaidi ya hayo, asali haifai kabisa kwa mtoi wa chini ya mwaka mmoja, juu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvimaliza.

KWA NINI USIKU NDIO HUMALIZA

Rudi kwa yale mate. Mtoi akilala na chupa mdomoni, anavuta kidogo, analala, anavuta tena. Maziwa yanabaki kama dimbwi nyuma ya midomo, yanalowesha meno ya mbele ya juu. Mate hayako ya kuosha. Asidi ambayo mchana ingekaa nusu saa sasa inakaa usiku mzima, kila usiku, miezi kadhaa.

Ndio maana meno manne ya mbele juu huharibika kwanza. Yale ya mbele ya chini huwa mazima kwa muda, juu ulimi huyafunika na tezi za mate ziko karibu. Ukiona hiyo picha, juu yameoza na chini ni safi, jua ni chupa au titi la usiku, si peremende.

Cheki kila wiki. Inua mdomo wa juu wa mtoi ukiwa na mwanga mzuri:

- Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi: jino limeanza kupoteza madini. Hapa bado linaweza kurudi sawa. Huu ndio wakati wa kukimbia.
- Njano au kahawia: ganda limeanza kubomoka.
- Nyeusi, shimo, jino kuvunjika: limefika ndani. Mtoi anakataa kula, anaamka usiku akilia.
- Kijipu kwa ufizi, uso kuvimba, homa: hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

CHA KUFANYA, KULINGANA NA UMRI

Kabla ya meno (miezi 0 hadi 6). Nyonyesha kama unaweza. Ukienda kibarua, kamua maziwa yako uache. Mtoi anaweza kupewa na kikombe kidogo, hata mchanga. Kama ni kopo, fuata kipimo cha kopo, usipunguze wala kuongeza kitu. Maji yawe yamechemka na bado ni moto, angalau nyuzi 70, juu unga wenyewe unaweza kuwa na bakteria wa hatari. Acha yapoe kabla ya kumpa. Yakimaliza masaa 2, mwaga. Panguza ufizi na kitambaa safi.

Jino la kwanza (karibu miezi 6). Anza mswaki laini, mara mbili kwa siku. Dawa ya meno yenye floraidi, saizi ya punje ya mchele tu. Akifika miaka 3, saizi ya minji. Mswaki wa usiku ndio muhimu zaidi, na baada yake ni maji pekee.

Miezi 6 hadi 12. Mfunze kikombe. Sukari isiingie kwa uji. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha kuleta utamu. Usitafune chakula chake, usilambe chuchu yake, na wewe mwenyewe piga mswaki, juu mutans wako ndiye wake wa kesho.

Mwaka 1 na kuendelea. Chupa iage. Kopo pia inaweza kuaga, ingia kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kwa kikombe. Kama mtoi amezoea chupa ya usiku, usimkatie ghafla ukeshe: kila siku mbili ongeza maji kidogo na upunguze maziwa mpaka chupa iwe maji tupu. Hii ni ya mtoi aliyepita mwaka mmoja tu. Mchanga usimzimulie maziwa kamwe.

Tumia kliniki. Mtoi anaenda sindano ya surua miezi 9 na miezi 18. Siku hizo mwambie muuguzi aangalie meno pia. Kabla ya mwaka mmoja aishe, aonwe na mtu wa meno. Kisii anza na Kisii Teaching and Referral, Nyamira anza na Nyamira County Referral, ulizia kitengo cha meno.

KUSOMA KOPO

Mbele ya kopo ni matangazo, nyuma ndiyo ukweli. Viungo huandikwa kuanzia kile kingi zaidi. Cheki haya maneno: "sucrose", "sugar", "honey", "glucose syrup", "corn syrup solids", "maltodextrin". Yakiwa kati ya matatu ya kwanza, jua bakteria wamealikwa. Ukiona "lactose" na hakuna hayo mengine, uko na afadhali.

Na jua haki yako. Sheria ya maziwa mbadala ya mama ya 2012 inakataza kutangazia umma maziwa ya watoto wachanga, chupa na chuchu zake, na inakataza kupatia akina mama sampuli za bure. Mtu akikuletea kopo ya bure wodini na kukuambia hii ni bora, anavunja sheria. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamua maziwa kazini. Uliza mahali pako pako wapi.

MASWALI YA HARAKA

Meno ya maziwa si yataanguka?
Yataanguka, lakini kuanzia karibu miaka 6 hadi 12. Mtoi wa miaka 2 ana miaka mingi ya kutafuna, kulala na kujifunza kuongea nayo. Pia yanashikia nafasi meno ya ukubwani, na usaha wa jino la maziwa unaweza kuharibu lile linalokua chini yake.

Floraidi si ndiyo hufanya meno ya watu wa Nakuru kuwa ya kahawia?
Hiyo inatoka kwa maji ya visima vya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi sana, mtu akinywa miaka mingi wakati meno yanaumbika. Punje ya mchele kwa mswaki ni kitu kidogo na inalinda.

Mama ana HIV, si kopo ni lazima?
Hapana. Mwongozo wa Kenya ni mama atumie ARV vizuri, anyonyeshe pekee miezi 6, aendelee na chakula hadi miezi 24. Ongea na kliniki yako kabla ya kubadilisha chochote.

Dawa ya kikohozi ya maji je?
Nyingi zina sukari. Mpe kabla ya mswaki, si baada.

Nimekuwa nikiweka sukari kwa chupa mwaka mzima. Nimechelewa?
Inua mdomo uangalie. Kama ni ule mstari mweupe tu, toa sukari, toa chupa ya usiku, piga mswaki na floraidi, alafu umpeleke. Kama ni shimo, mpeleke wiki hii. Siku hizi kuna dawa ya majimaji ya fedha na floraidi, inapakwa kwa jino bila sindano wala mashine na inasimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwa orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2021. Jino litabaki jeusi, lakini litanyamaza.

Mwisho wa maneno: kopo ya laktosi ina afadhali kuliko ya sukrosi, kikombe kina afadhali kuliko chupa, na maji usiku yanashinda zote. Tumia hii kwa shosho ocha, kwa dada wa kazi na kwa yule buda wa "yataanguka tu". Wao ndio wanashika chupa ukiwa mboka.